Sauti ya Malkia

Mwanamke mwenye viatu vyekundu alipanda ngazi mbili mbili.

Kiwembe alipanda tatu tatu.

Orofa ya nne mlango ulibamizwa. Kiwembe aliupiga teke kabla komeo halijaingia, akamkuta mwanamke yule dirishani, mkono juu, simu i tayari kutupwa barabarani. Hakuitupa. Mdomo wa bastola ya Glock 19 ulikuwa umeshamgusa shingoni, na mdomo wa namna hiyo hausemi mara mbili.

"Mkuu, nimempata," Kiwembe alisema kwenye ukosi wa koti lake, palipofichwa maiki ndogo.

"Mzima?"

"Mzima. Anahema tu."

"Mashine yake?"

Kiwembe aliangaza. Kitanda kisichotandikwa, birika la umeme, meza yenye skrini kubwa. Skrini ilikuwa inawaka.

"Iko wazi, Mkuu. Wanamsubiri."

Aliyekamatwa aliitwa Malkia. Jina lake la kuzaliwa huenda hata yeye alikuwa ameshalisahau. Alitumwa na genge la kigeni lililotaka kulipua kituo cha kusukuma maji, kile kinachonywesha nusu ya jiji, kisha lije na masharti yake wakati watu wana kiu. Baruti ilikuwa imeshaingia mjini. Mlipuaji naye alikuwa mjini, lakini sura yake hakuna aliyeijua, Malkia mwenyewe akiwemo. Walikutana mahali pamoja tu: ndani ya gemu.

Gemu lenyewe liliitwa Bomoa. Ndani yake mna nchi nzima ya kuzurura, ina milima, bandari na barabara zisizoisha, na wewe ni askari. Kila kilichojengwa humo hubomoka. Piga ukuta, ukuta unaanguka; ng'oa nguzo, dari inakufuata. Malkia alikuwa amekijenga kituo cha maji humo ndani, chumba kwa chumba, kwa kutumia michoro ya wizi. Kisha akakusanya kikosi cha wachezaji na kuwaambia ni mashindano. Karibu wote walikuwa watu wa kawaida waliotafuta burudani. Mmoja, aliyejiita Nyundo, alikuwa anajifunza kazi.

Siku ambayo Nyundo angejua pa kupiga, kesho yake kituo cha kweli kingeruka.

Vijana wa Mkuu walipokuja kumchukua, Malkia aligeuka mlangoni akatabasamu. Alisema wanajisumbua bure, maana kikosi chake hakifuati amri, kinafuata sauti. Na kweli sauti ilikuwa nzuri, nzito kidogo, ya mtu aliyetoka kuamka. Kiwembe alimchukia hapo hapo bila sababu.

Sababu ilikuja baadaye kidogo.

Mkuu alikuwa na dawa ya sauti. Vijana walileta kifaa chenye ukubwa wa kiberiti, kilicholishwa mazungumzo ya simu ya Malkia. Unaongea upande huu kwa sauti yako, upande wa pili inatoka yake.

"Keti, Kiwembe. Leo wewe ndiye Malkia," Mkuu alisema kupitia kidude cha sikioni.

Kiwembe alijitetea kwamba yeye na magemu ni paka na panya. Mumewe, fundi wa viyoyozi, alikuwa akicheza kila Jumamosi, na kila Jumamosi Kiwembe aliionea wivu televisheni. Mkuu alimjibu kwamba Malkia hapigani. Anarusha droni, kindege kisicho na rubani, juu ya kikosi, anatazama, anaamuru. Kazi ya mdomo tu.

Alivaa hedifoni.

"Malkia wangu," sauti ya mwanamume ilisema. "Leo umechelewa. Nilishaanza kuingiwa na hofu."

Kiwembe aliibana hedifoni sikioni.

Sauti ile jana mezani ilimwomba chumvi.

"Kiwembe," Mkuu alinong'ona katika sikio lake la kushoto, "huyo si shemeji huyo?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kinaweza pia kukuita Malkia wangu.

Kwenye skrini mumewe alikuwa askari mwenye mabega mapana kuliko ya kweli, jina Nahodha limeandikwa juu ya kichwa. Nyumbani mtu huyu husema "mm" na "sawa". Humu alikuwa kasuku. Alimsimulia Malkia alivyolala, alivyoota, na jinsi alivyokuwa akiiwaza sauti yake tangu asubuhi. Kiwembe alisikiliza huku damu ikimchemka. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemuuliza kama amelala vizuri. Alijibiwa "mm".

"Kazini kulikuwaje leo?" aliuliza. Ilitoka sauti ya Malkia, laini, ya usingizi.

Nahodha alicheka kidogo. "Leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza. Si nilikwambia waliniachisha kazi? Asubuhi naaga, nabeba boksi langu la vifaa, nakuja kukaa hapa."

"Mkeo anajua?"

"Mke wangu anauza bima. Akirudi amechoka. Sitaki aniangalie kwa huruma, Malkia. Wewe huniangalii, unanisikiliza."

Bima yenyewe Kiwembe hakuwahi kuuza hata moja, lakini wakati huo hakulifikiria hilo. Alifikiria boksi la vifaa. Kila asubuhi alilisogeza lisimkwaze mlangoni. Kama angemfumania mumewe na mwanamke kitandani angejua pa kushika. Siri hii, hofu hii ya mwanamume mzima, ilikuwa mali yake yeye, na mumewe alikuwa amempa mwingine. Roho ilimuuma mpaka akasikia ladha ya chuma mdomoni.

"Maneno baadaye," sauti kavu iliingilia. Nyundo. "Tufanye kazi."

"Endelea," Mkuu alisema sikioni. "Mzungushe. Asijue pa kupiga."

Kikosi kiliingia kituoni. Risasi zilichubua plasta, roketi moja ikang'oa lango, moshi ukatanda. Nyundo alibandika baruti kwenye ukuta wa mbele. Ukuta ukaanguka, jengo likabaki wima. Kiwembe akamsifu na kumwambia arudie pale pale. Mambo yalikwenda vizuri. Angeweza kumpotezea wakati mpaka jioni.

Nahodha alikimbilia ngazi ya nyuma, akasimama chini yake, akainua uso kuelekea droni.

"Malkia. Ukiniambia nife hapa, nakufa."

Kwenye rimoti ya droni, mkononi mwa Kiwembe, kulikuwa na kitufe chekundu. Droni ya kamanda hubeba kombora moja.

Kiwembe alikibonyeza.

Askari mwenye mabega mapana aliruka hewani. Ngazi ya nyuma ikapasuka. Halafu, polepole, ukuta uliokuwa umeegemea ngazi ile ukainama, dari ikafuata, nguzo zikavunjika moja baada ya nyingine, na kituo kizima cha maji kikakaa chini katika vumbi.

"Ngazi ya nyuma," Nyundo alisema taratibu. "Pigo moja. Kumbe ulikuwa unaijua siku zote."

"Kiwembe," Mkuu alisema. "Umefanya nini?"

Hasira hasara. Alikuwa amemfundisha adui kazi yake, kwa sababu ya maneno matamu ya mume wa mtu, na mtu mwenyewe ni yeye.

"Malkia jamani, umeniua kweli!" Nahodha alilalamika.

Kiwembe alishtuka. Malalamiko hayo aliyasikia mara mbili. Mara ya kwanza kwa nguvu, kutoka maiki ya mumewe. Mara ya pili kwa mbali, pamoja na mkwaruzo wa kiti cha plastiki, kutoka maiki ya Nyundo.

"Mkuu," alinong'ona akiwa amezima kifaa cha sauti. "Wako chumba kimoja."

"Chumba gani?"

Hilo hakulijua. Mke wa ndoa, na hajui mumewe anashinda wapi. Lakini alimjua anayeweza kuambiwa: Malkia.

Nyundo alikuwa anaaga. Kiwembe, kwa sauti ya Malkia, akamzuia: pigo moja huenda ni bahati, arudie mara moja kwa baruti ndogo ndipo aridhike. Nyundo alinung'unika, akakubali. Kiwembe akafungua laini ya siri kwa Nahodha.

"Unachezea wapi leo?"

Aliomba moyoni akatae. Jiji zima lilikuwa linangoja jibu, naye aliomba mumewe akatae.

"Nimekuomba uje mara ngapi?" Sauti ya mumewe ilichangamka. "Nyuma ya duka la matairi, juu ya kinyozi, ukumbi wa gemu. Njoo, Malkia. Ntakuwa karibu na mlango."

Simu ya Malkia nayo ilikuwa na gemu lile, na kikosi kizima ndani yake. Kiwembe aliiunga na hedifoni na kile kifaa cha sauti, akakibana kifaa ukosini, akashuka ngazi, akawasha pikipiki yake ya Yamaha. Alipita katikati ya malori huku akiamuru vita kwa sauti ya mwanamke mwingine: kushoto, subiri, paneni, subiri tena. Nahodha hakutii amri hata moja. Alikuwa ameshaacha kucheza. Alimwambia anaosha uso.

Anaosha uso. Kiwembe akaongeza mafuta.

Ukumbi ulinuka jasho na nyaya za moto. Wanaume walikaa safu mbili, migongo imeinama, hedifoni masikioni. Karibu na mlango aliketi mumewe, hedifoni masikioni naye, uso unang'aa, amevaa shati jipya ambalo Kiwembe hakuwahi kuliona. Mbele yake soda mbili, moja haijafunguliwa.

Alimwona mkewe. Rangi ikamtoka.

"Mke wangu..."

Kiwembe hakumtazama. Aliitazama migongo. Yeyote kati yao angeweza kuwa Nyundo, na yeyote angeweza kuwa na bastola. Kulikuwa na njia moja ya kumjua, na njia hiyo ilipita machoni pa mumewe.

Aliinamisha kidevu kwenye ukosi.

"Nyundo," alisema polepole. "Askari wako nje. Mzigo wako, ushike. Toka mlango wa nyuma."

Midomo ilikuwa yake. Sauti iliyoingia masikioni mwa mumewe ilikuwa ya Malkia. Kiwembe alihisi macho ya mumewe yakimganda mdomoni, hakugeuka.

Kwenye kona mtu mfupi, ovaroli ya buluu, alivua hedifoni na kuinua begi.

Alikuwa mwepesi. Mkono wake wa kulia ulitoka na bastola kabla begi halijatulia begani. Kiwembe alimrushia kiti cha plastiki, risasi ikapasua skrini, wanaume wakalala chini wote. Hatua mbili, kiwiko kooni, goti tumboni. Bastola iliteleza chini ya meza. Nyundo alijaribu kuuma. Akaonja sakafu.

Pingu zikalia.

Ndani ya begi mlikuwa na baruti iliyofungwa kwa karatasi ya mkate, na waya.

"Mkuu, gari lije. Yuko mzima na mzigo wake."

"Kituo?"

"Watu wataoga kesho, Mkuu."

Vijana walipomshusha Nyundo, ukumbi ulibaki mtupu. Wateja walikuwa wamekimbia, mwenye ukumbi akiwatangulia. Mumewe tu ndiye aliyekuwa bado kitini, hedifoni shingoni.

"Tangu lini?" aliuliza.

Kiwembe alijua anaulizwa nini. Angeweza kusema tangu mwanzo. Maneno yote matamu yangekuwa yake, na hofu zote, na ile Malkia wangu. Uongo mmoja tu, na yeye kwa siku husema kumi kabla ya chai. Uso wa mumewe ulikuwa unamwomba auseme.

Lakini asingekubali kula makombo ya mwanamke yule.

"Leo," alisema. "Yule mwingine tumeshamfunga. Na nisikusikie ukimuulizia hali."

Mumewe aliinama. Alimhuzunikia Malkia kidogo, ilionekana, na hilo lilimchoma Kiwembe kuliko risasi ambayo ingempata. Kisha akainua kichwa.

"Ndiyo maana leo uliniuliza habari za kazini. Yeye hakuwahi." Akaiweka hedifoni mezani. "Na lile kombora?"

"Lile langu."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Aliikaza Glock kiunoni, akafunga koti. Alimwambia kwamba hiyo kazi yake ya bima wataizungumza, na ya mumewe ya viyoyozi pia, kwa sauti zao wenyewe. Halafu akatoka. Mkuu alikuwa anaongea sikioni, anasifu, anauliza ripoti. Kiwembe akakichomoa kile kidude cha sikioni na kukitia mfukoni.

Alishuka ngazi bila haraka, akapita duka la matairi. Nyuma yake alisikia viatu vinamfuata.

Hakugeuka. Alipunguza mwendo.