Nyaya Mguuni mwa Mke wa Fundi

Kwa! Kifuniko cha sanduku la vifaa kilijifunga jikoni. Nje bado giza. Fundi umeme alitia testa yake ya kupimia umeme mfukoni.

"Unakwenda hospitali na testa?" mama mkwe wake aliuliza, akimpa shuka safi. "Mwanangu amekuwa soketi?"

"Mama, umeme naujua. Hauna undugu na mtu."

Mkewe alikuwa amepasuliwa tumbo siku tatu zilizopita. Utumbo wake ulikuwa umetoboka. Sasa tumbo lilijaa, hakula, wala hakujamba. Daktari alisema utumbo usipoamka, hali inaweza kuwa mbaya.

Jana muuguzi alimbandika mguuni nyaya za mashine ndogo ya umeme. Alipotoka tu, fundi akazibandua. "Akiuliza, sema zimebanduka zenyewe," alimwambia mkewe.

Asubuhi hiyo wodini, muuguzi alisugua viganja vyake vipate joto, ndipo akagusa mguu wa mgonjwa.

"Hizi zina gundi kali," alisema taratibu. "Hazibanduki zenyewe."

Mgonjwa alimtazama mumewe.

"Ni mimi," fundi alisema. "Kilichokatwa ni tumbo, nyinyi mnatia umeme mguuni. Wapi na wapi? Mnamfanyia majaribio mke wangu?"

Muuguzi alimvutia kiti. "Kaa, kaka. Kosa ni letu, hatukukueleza."

Akafungua mashine. Ndani mlikuwa na betri mbili ndogo. Fundi aliinusa, akaigeuza.

"Haichomekwi ukutani," muuguzi alisema. "Baada ya upasuaji mwili huvimba ndani, na utumbo huzubaa. Hapa chini ya goti pana mishipa ya fahamu. Umeme huu mdogo unaibishia hodi, nayo inapeleka habari mwilini. Watafiti wameona unaweza kupunguza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa. Si wote. Bado wanachunguza."

"Na dawa mnaacha?"

"Hata kidogo! Dawa palepale, kutembea palepale. Mjamzito au mwenye kifaa cha moyo hatumbandiki mpaka daktari aamue. Na mtu asijitengenezee nyumbani. Hasa mafundi."

"Nibandike mimi kwanza."

Akapandisha suruali. Mashine ikawashwa.

"Lo! Kama sisimizi wanacheza ngoma!"

Mkewe alicheka, akashika tumbo. "Usinichekeshe, nina nyuzi! Lakini mume wangu, mguu ni wangu. Jana hukuniuliza."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Unasemaje?"

"Nibandikeni."

Alibandikwa nusu saa, asubuhi na jioni. Alidungwa dawa zake. Fundi alimshika mkono, wakatembea ukumbini hatua kwa hatua. Bado aliichungulia mashine kila ilipowashwa.

Siku ya pili mchana, mlio ulisikika kitandani.

"Ni wewe?" fundi aliuliza.

"Ni mimi!"

Wodi nzima ilipiga makofi. Daktari alimruhusu maji, kisha uji.

"Ni nyaya?" fundi aliuliza.

"Siwezi kuapa," muuguzi alijibu. "Dawa zimefanya kazi, miguu imefanya kazi. Huenda nyaya nazo zimesaidia."

Siku mkewe aliporuhusiwa kwenda nyumbani, bibi wa kitanda cha pili alimshika fundi mkono. Tangu alazwe hakuwa na mgeni.

"Mwanangu, kesho wananipasua. Wakishamaliza wataniletea hizo nyaya, na mimi naziogopa. Utarudi kunitazama?"