Kinong'onezi cha Shamba la Ilundo

Kinong'onezi kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, nacho kilibandikwa nyuma ya sikio. Kilisikiliza pumzi za mtu aliye mbele yako, kikapima mtetemo wa sauti yake, na kabla hujajua useme nini, kikakunong'oneza sentensi moja iliyo tayari.

Nyamizi alikiona kikifanya kazi siku yake ya kwanza. Asubuhi hiyo alikuwa amewasili Shamba la Ilundo, huko nyanda za juu, pamoja na vijana wengine wanane waliokuja kutumikia mwaka wao wa kujitolea. Shamba lilipokea watu waliolemewa na maisha, wakalima viazi na kufuga ng'ombe hadi wapate nafuu. Mkazi mmoja aitwaye Anyosisye, ambaye zamani alikuwa rubani wa vyombo vya mizigo vya angani, alidondosha jembe katikati ya matuta akaanza kutetemeka mwili mzima. Nyamizi alibaki ameduwaa. Ndipo sauti tulivu ikamjia sikioni: kaa naye chini, mwambie leo hatuendi popote, udongo huu una subira kuliko sisi.

Akakaa. Akasema hivyo hivyo. Baada ya dakika chache Anyosisye akashusha pumzi, akaokota jembe lake.

"Umeona?" alisema Daktari Lwitiko, msimamizi wa shamba. "Zamani kumfundisha mtu kazi hii kulichukua miaka. Wewe umeifanya hata begi lako hujafungua."

Kisha Nyamizi akapangwa kumhudumia mkazi aitwaye Mama Sekela, na mambo yakaharibika.

Mama Sekela alikuwa na miaka sitini hivi, mwembamba, mkimya. Alikamua ng'ombe kwa mikono, maana mitambo haikuruhusiwa zizini. Kila asubuhi Nyamizi alimwamkia, naye aliitikia vizuri, "Marahaba, mwanangu." Lakini kila Nyamizi alipotamka sentensi ya kinong'onezi, Mama Sekela aliweka ndoo chini akatoka nje. Kinong'onezi kilibadilisha maneno. Alitoka. Kikapunguza maneno, akatoka haraka zaidi. Kwa wiki tatu Nyamizi alibaki na ng'ombe waliokamuliwa nusu na taarifa zenye mstari mwekundu: mkazi hapokei huduma. Alikuwa amechoka. Usiku mmoja alimpigia dada yake simu akamwambia kwamba yule mama ana roho mbaya tu.

Asubuhi moja ng'ombe alirusha teke, ndoo nzima ikamwagika. Mama Sekela aliketi kwenye majani makavu, mikono kichwani.

"Kilichomwagika si wewe," alisema Nyamizi, kama alivyoambiwa.

Mama Sekela akacheka, kicheko kikavu. Kisha akafungua kinywa, na sentensi iliyofuata Nyamizi aliisikia mara mbili kwa pamoja, mdomoni mwa yule mama na sikioni mwake: "Wewe bado umo, na siku bado haijaisha."

Nyamizi akamgeukia. "Umejuaje, mama?"

"Nimejuaje! Ni maneno yangu." Mama Sekela alijifuta maziwa kwenye kanga. "Miaka kumi na tisa nilipokea simu za watu waliotaka kujiua. Kila simu ilirekodiwa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya mafunzo, tukatia sahihi. Kumbe mwanafunzi ni hicho kidude. Kilipohitimu, tukaambiwa tukapumzike. Nikapumzika mpaka nikaugua. Nikaletwa hapa sina hata neno moja la kujiambia, na kila mwaka wanakuja vijana wapya, wazuri kama wewe, wananisomea yangu."

Nyamizi alikwenda ofisini mbio, viatu vimejaa samadi.

"Ulijua?" alimuuliza Daktari Lwitiko.

Daktari hakukwepa. "Nilijua. Nilidhani maneno yake mwenyewe yangemfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote."

"Yafute."

"Nusu ya kinong'onezi ni yeye, Nyamizi. Ulichomwambia Anyosisye ni cha nani, unadhani? Nikiyafuta, kesho akitetemeka tumwambie nini?"

Hasira zikampanda Nyamizi. Alibandua kinong'onezi akakiweka mezani.

"Bila hicho huruhusiwi kuhudumia mkazi," alisema daktari. "Ndiyo kanuni."

"Basi niandike kwa ng'ombe. Ng'ombe si wakazi."

Daktari alivuta daftari la zamu. Akaandika.

Kesho yake Nyamizi aliingia zizini na ndoo yake, akachuchumaa kando ya ng'ombe wa pili. Sikio lake lilikuwa kimya. Akaanza kukamua.

"Nimekuja kusaidia, nimekutesa wiki tatu," alisema hatimaye. "Hata samahani sijui niiseme vipi. Nina hasira, mama."

Mama Sekela alifungua kinywa. Nyamizi aliona kabisa sentensi nzuri ikija usoni pake, na akamwona akiifukuza.

"Na mimi nina hasira," alisema. "Nina hasira mpaka meno yananiuma."

Halafu akaendelea. Alisema ovyo, akirudiarudia, akiwatukana waajiri wake wa zamani kwa lugha ya kwao, akitaja watu waliokata simu asijue walifikia wapi. Alilia, akanyamaza, akaanza upya. Nyamizi hakujua kama anamsaidia au anamuumiza, na hapakuwa na wa kumwambia. Aliendelea kukamua. Ng'ombe wa pili akaisha, wakaenda kwa wa tatu, na Mama Sekela alikuwa bado yumo zizini.