Wimbo Mmoja kwa Wiki

Kila asubuhi, kabla ya kupanga flashi na chaja mezani, Jenoveva alichukua kanda moja ya marehemu baba yake, akatia kalamu kwenye tundu lake na kuizungusha taratibu hadi mwanzo. Baba aliuza kanda za kwaya katika kibanda hiki karibu na stendi ya Lushoto. Siku hizi hakuna aliyezinunua. Alizizungusha tu zisigandane.

Alhamisi moja ya soko, wanawake wakishusha magunia ya karoti nje, mkono mpana uliweka kanda nyingine mbele yake. Kalamu ikamponyoka.

"Samahani dada, nimekushtua." Alikuwa kijana mrefu, sweta la kijani, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Nimeambiwa unaweza kuitoa sauti humu ukaiweka kwenye flashi."

"Naweza. Ni ya nani?"

"Marehemu mama. Aliimba sauti ya kwanza kwaya ya usharika wetu, Shume. Sauti yake imebaki humu tu."

Aliitwa Alen. Kanda ilikuwa na nyimbo kumi, kazi ya saa moja: unaiacha iimbe, basi. Lakini wimbo wa kwanza ulipoanza kwenye redio ya kanda, Alen aliegemea mlango, akafumba macho. Na Jenoveva, ambaye tangu msiba alikula chakula cha mchana akitazamana na ukuta, akajisikia akisema, "Imechoka hii. Tukiilazimisha itakatika. Wimbo mmoja kwa wiki."

Hakuzoea kudanganya. Masikio yalimwaka moto.

"Basi nitakuja kila Alhamisi," Alen alisema.

Akaja. Mara ya pili alileta peasi kwenye mfuko wa sweta. Mara ya nne walikuwa wanataniana.

"Binti mdogo hivi, mbona unang'ang'ania makanda ya wazee?"

"Na wewe mzee, mbona unayakimbia?"

"Simu yangu ina nyimbo elfu moja, Jeni."

"Umesikiliza ngapi hadi mwisho?"

Alen alifikiri. "Hata mmoja."

"Umeona? Kwenye kanda huruki nyimbo. Unakaa nayo."

"Nakaa nayo," alisema Alen, akimtazama yeye, si redio. Jenoveva akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi.

Wiki ya sita hakuja. Simu iliita.

"Jeni, niko Mombo, nimeleta mbao. Kuna fundi huku ananiambia kanda nzima ni kazi ya saa moja. Kweli?"

"Kweli."

"Wiki zote hizi naogopa itakatika kabla ya wimbo wa mwisho. Ule mama anaimba peke yake. Ulikuwa unanichezea?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Jenoveva aliivuta kanda karibu. "Nitaimalizia leo," alisema. "Utaikuta tayari."

Alen akakata simu.

Mchana ule Jenoveva aliziacha nyimbo zilizobaki ziimbe. Katika wimbo wa mwisho, mama yake Alen alikohoa kidogo, kisha akaanza, peke yake. Jenoveva alisikiliza hadi kanda ikaisha. Aliitia kwenye bahasha pamoja na flashi, akaandika jina.

Alhamisi tatu zikapita. Huko Shume, kila Alhamisi Alen alivaa sweta la kijani, akafika mlangoni, akalivua, akarudi kwenye mbao zake. Huku Lushoto, ukungu ulishuka hadi paa la stendi, na Jenoveva akamenya ndizi yake akitazama ukuta.

Alhamisi ya nne, soko likiwa limefurika, alifunga kibanda. Majirani walishangaa. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilokuwa akienda nalo kanisani, akapanda gari la Shume.

Alimkuta Alen kwenye uwanja wa mbao. Mashine ilizimwa, wanaume watatu wakageuka kutazama. Akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Ungempa kondakta tu," alisema Alen.

"Ningempa."

"Umefunga kibanda siku ya soko?"

"Nimefunga."

"Kwa nini, Jeni?"

Alitazama viatu vyake, vimejaa matope. Kisha akainua uso.

"Kwa sababu nakupenda, Alen. Nilitaka urudi, nikaona aibu kukuambia, nikaisingizia kanda ya mama yako."

Alen akaliendea sweta lake la kijani, akamvika mabegani.