Sombe Bila Chumvi

Kila alipotoka shuleni, Rachida alivua sare, akajifunga kitenge kiunoni na kuingia jikoni. Chakula cha jioni kilikuwa kazi yake, kwa kuwa mama yake, Salama, alikuwa akiuza vitenge katika soko la Kasuku na kurudi nyumbani jua likizama. Baba alikuwa mbali, huko Kalima, akichimba madini ya kasiterite, na alionekana nyumbani Kindu mara chache tu. Basi nyumbani walikaa wanawake watatu: Rachida mwenye umri wa miaka kumi na miwili, mama yake, na Koko Sharifa, bibi mzaa mama, ambaye kigoda chake kilikuwa mlangoni mwa jiko. Hakuna aliyefunua chungu bila Koko kujua.

Salama alikuwa mnene, na kwa miaka mingi unene huo ulikuwa fahari ya nyumba. Sokoni aliketi tangu asubuhi, chakula kikamfuata hapohapo, na wateja wakamsifu kwamba biashara yake inaonekana mwilini. Koko alipozisikia sifa hizo alicheka kwa furaha. Lakini kichwa kilianza kumuuma Salama kila asubuhi, na akipanda kilima kidogo kutoka mtoni alihema kama mgonjwa. Akaenda kituo cha afya kumwona muuguzi Euphrasie.

"Tansio yako iko juu sana, Mama Rachida," muuguzi alimwambia. "Damu inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi, na moyo unachoka. Lazima upunguze yale mafuta ya mwili. Fanya mazoezi kila siku. Na ndani ya chungu, chumvi kidogo kabisa, mafuta ya mawese kijiko moja."

Salama alijiandikisha katika ukumbi wa mazoezi wa Joël, karibu na soko. Palikuwa na vyuma vya kunyanyua na baiskeli zisizokwenda popote. Alikuwa mwanamke pekee mle ndani. Haukupita muda, vijana wakaanza kujazana dirishani, wakimpiga picha kwa simu na kuangua vicheko kila aliporuka. Joël aliwafukuza, wakarudi. Mwishowe picha hizo zilifika sokoni, na Salama akaonyeshwa na mteja wake mwenyewe.

"Sirudi kule tena," alisema jioni ile huku akilia. "Nimekuwa sinema ya watu."

Euphrasie alipopata habari alipita nyumbani kwao. "Mafuta ya mwili haijui kama unatoka jasho kwa Joël ao hapa kwako," alisema. "Uwanja iko. Kinu iko. Unatafuta nini ingine?"

Tangu hapo Salama alifanya mazoezi nyumbani. Baada ya swala ya alfajiri aliruka kamba uani. Aliketi na kusimama kwenye kigoda bila kushika kitu, akanyanyua vidumu vilivyojaa maji, na majani ya muhogo hakuyapeleka tena kwenye mashine ya kusaga bali aliyatwanga mwenyewe mpaka fulana ikalowa. Mwanzoni alikuwa akipumzika kila baada ya muda mfupi. Baadaye majirani walizoea kuamshwa na mchi wake.

Koko Sharifa hakupendezwa hata kidogo. "Tangu lini mutu ana chakula ndani ya nyumba, halafu anatafuta kukonda?" aliuliza. Siku ya kwanza walipokula sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, isiyo na chumvi, alionja tonge moja tu. Akaisukuma sahani, akatoka nje na kukaa gizani. Salama alidhani ni kudeka kwa uzee, akamwacha.

Baada ya miezi michache mashavu ya Salama yalipungua na kichwa kikaacha kumuuma. Yeye alifurahi, lakini mtaa ulikuwa na maneno yake. Siku moja, wakati wa mapumziko, Nathalie, mwanafunzi mwenzake Rachida, alimvuta kando.

"Rachida, mama yako anakonda. Kwetu wanasema iko na SIDA. Wanasema atakufa."

Rachida alirudi nyumbani akikimbia, neno ukimwi likimlia kichwani, akamweleza Koko yote huku akilia kwa kwikwi. Koko alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda kuchukua chupa ya mawese.

"Mujukuu wangu, unataka mama yako afe?"

"Hapana, Koko."

"Basi mimina. Tena. Na chumvi, lakini polepole. Leo kidogo, kesho kidogo. Maji ya mto inapanda vile. Mutu anashtuka ikiwa imefika mlangoni. Na yeye usimwambie kitu. Huku njo kumupenda."

Rachida alisita. Alikumbuka maneno ya muuguzi, lakini alikumbuka pia maneno ya Nathalie, na hofu ya kifo ilikuwa kubwa kuliko yote. Akamimina. Siku zilizofuata alimimina tena, akatia karanga nyingi ili mafuta yasionekane juu ya mboga. Mama yake alipokula alitabasamu.

"Sombe yako siku hizi ni tamu, mwanangu. Mkono wako umekua."

Sifa hiyo ilimchoma Rachida, akainuka kukusanya sahani.

Mashavu ya Salama yalijaa tena, na maumivu ya kichwa yakarudi. Yeye, asiyejua lolote, alijilaumu mwenyewe. Aliongeza kuruka, akaongeza kutwanga, akaamka mapema zaidi. Huko kituoni, alikokwenda na Rachida, Euphrasie aliitazama mashine ya kupimia, akapima mara ya pili.

"Mazoezi unafanya?"

"Ninafanya mpaka magoti inaniuma."

"Na chakula?"

"Vile ulisema. Mutoto wangu njo anapika, muulize."

Euphrasie alimgeukia Rachida. Msichana aliinamisha kichwa na kujibu kwa sauti ndogo, "Ndiyo, kijiko moja." Salama akapangusa macho. "Basi labda mimi nimeumbwa hivi," alisema. Rachida alitamani ardhi immeze.

Ijumaa moja asubuhi Salama alikuwa akiruka kamba uani. Kamba ilimponyoka mkono wa kushoto. Aliinama kuiokota, na vidole havikushika. Alipojaribu kumwita Rachida, mdomo ulikwenda upande na maneno yakatoka yamevunjika. Kisha akaanguka kando ya kinu.

Jirani yao Assani, dereva wa pikipiki, alimpakia Salama nyuma yake, na kijana mwingine akamshikilia asidondoke. Rachida na Koko waliwafuata mbio kwa miguu. Walipofika kituoni, Salama alikuwa amelazwa, nusu ya uso wake ikiwa imelegea, akiwatazama bila kuweza kusema. Rachida hakuwahi kuogopa namna ile maishani mwake.

"Tansio imepanda, mushipa umeumia ndani ya kichwa," Euphrasie alisema. "Tumeanza dawa, lakini nataka kujua kitu moja, na munijibu ukweli. Hapa sihukumu mutu. Nikijua, nitamutunza. Mukinidanganya, nitamupoteza. Alikuwa anakula nini?"

Koko aliushika mkono wa Rachida, akaubana. Rachida alimtazama Koko, akamtazama mama yake kitandani. Akauchomoa mkono wake.

"Miye njo nilikuwa natia mawese mingi," alisema. "Na chumvi. Kila siku. Nilidanganya. Niliogopa atakonda, atakufa."

Machozi yalimtoka Salama na kuteremka kwenye shavu lililolegea. Koko Sharifa alikaa chini sakafuni.

"Mutoto hana kosa. Miye njo nilimutuma," alisema. "Euphrasie, unakumbuka wakati wa vita? Njia za mashamba zote zilifungwa. Mwanamuke akienda kuchuma muhogo, hakurudi. Ndani ya mji chumvi ikaisha, mawese ikaisha. Nilikuwa ninapikia watoto wangu majani na maji. Bila chumvi, bila mafuta. Salama alikuwa musichana mukubwa, alivumilia. Ndugu yake mudogo, Djuma, alikonda mpaka kaptula ilikuwa inamuanguka. Siku ya mwisho hakuniomba wali. Aliniomba chumvi. Chumvi tu, niweke kwenye ulimi wake. Nikazunguka nyumba zote, nikakosa. Niliporudi alikuwa amekufa. Sasa muliniletea ile chungu tena nyumbani kwangu, mukaniambia njo dawa."

Euphrasie alichuchumaa karibu naye. Hakumgombeza. "Koko, wakati ule njaa ilituulia watoto, na hakuna mutu atakwambia ulikosa. Lakini leo Salama hana njaa. Leo kinachomuua njo kile kilikosekana siku ile. Ungeniambia hofu yako, ningekueleza. Ulinificha, nikawa ninapigana na mutu nisiyemuona."

Salama alikaa kituoni muda mrefu. Aliporudi nyumbani alikuwa hai, lakini mguu wa kushoto uliburuta na mkono wa kushoto haukufunga vizuri. Meza yake sokoni ilichukuliwa na mwingine. Mazoezi sasa hayakuwa tena ya kukonda tu. Yalikuwa ya kurudisha mwili wake. Kila asubuhi Rachida alimshika kwapani, naye akaketi na kusimama kwenye kigoda kile kile, akilia wakati mwingine kwa uchungu. Kidogo kidogo tansio ilishuka, na hata mguu ukaanza kunyanyuka.

Jioni moja Koko alianza kutwanga sombe mwenyewe, akamshikisha Salama mchi kwa mkono ule mgonjwa, akaufunika kwa mkono wake, wakatwanga pamoja polepole. Chakula kile kisicho na chumvi kilipoiva, Koko alijipakulia wa kwanza. Akala tonge, akala la pili. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini hakuisukuma sahani.

"Mujukuu wangu, sikiliza," alimwambia Rachida. "Miye nilimupenda mama yako kwa kumudanganya, na kidogo nimuzike. Kama unaogopea mutu, mwambie. Uongo hauponyeshi mutu, hata kama unapikwa na mikono inayopenda. Na mwili hauangalii ulitiwa mafuta kwa huruma ao kwa chuki, unahesabu tu."

"Nimesikia, Koko. Nisamehe, Mama."

Salama alimvuta karibu kwa mkono wa kulia, akamlaza kifuani. Maneno yake yalikuwa bado mazito. "Ulisema... kweli," alisema. "Njo sababu... niko hapa."

Kesho yake Rachida alipopika alikitoa chungu nje uani, mbele ya macho ya wote wawili. Akafungua chupa ya mawese.

"Kijiko moja, Mama," alisema kwa sauti. Akaifunga chupa, akampa Koko aiweke.