Dakika Nzima Mbele ya Uwanja

Kila alasiri, akishamaliza kudeki darasa na wenzake, Kozue alipitia uwanja wa mtaa wao mjini Fujieda kumsaidia mjomba wake kuokota mipira. Mjomba Isamu alikuwa amestaafu soka la kulipwa, na sasa alifundisha watoto. Mazoezi yakiisha, wote waliinamia uwanja kidogo kuushukuru, kisha wakaenda zao.

Jumatatu moja mjomba aliinama, asiinuke. Kozue alikuwa akimpiga video.

"Kozue, njoo unishike! Kiuno kimekamata!"

Usiku ule Kozue alikata sehemu ya mwisho, akaiweka video mtandaoni na kuandika: "Kila siku mjomba huushukuru uwanja dakika nzima."

Kufikia Alhamisi, watu milioni mbili walikuwa wameitazama. Darasani, mwenzake Daigo alipiga kelele, "Mpwa wa mtakatifu huyo! Tuiname!" Kozue alicheka, kichwa kimemvimba.

Kisha wageni wakaanza kuja. Walijipanga nje ya uzio, simu juu.

"Mjomba, usiiname leo," Kozue alinong'ona.

"Wametoka Osaka, mwanangu. Niwarudishe hivi hivi?"

Akainama dakika nzima, jasho likimtiririka. Kesho yake tena. Nyumbani alishindwa kuketi kwenye mkeka, akala wali amesimama. Kozue aliifuta ile video, lakini wengine walikuwa wameshaisambaza. Alijiona kama amejifungia chumbani na ufunguo ameumeza mwenyewe. Asubuhi alisimama mbele ya madhabahu ya mtaani, akaunganisha viganja, akaomba mvua kubwa inyeshe ili wageni wasije.

Mvua ilinyesha. Wageni wakaja na miamvuli.

Mjomba aliinama, akayumba, goti likapiga tope. Watu walishangilia wakidhani ni heshima zaidi. Hapo Kozue hakuweza tena kuvumilia. Alikimbia hadi kwenye uzio.

"Nisameheni! Niliwadanganya! Siku ile kiuno kilimkamata, mimi nikaukata mwisho. Anaumia! Tafadhali msimpige picha!"

Mama mmoja akashusha simu. "Yaani nimepanda treni kutoka Osaka kuja kutazama maumivu ya kiuno? Hata mume wangu anayo!" Baadhi wakacheka, wengine wakaondoka wamenuna. Mama yule aliingia uwanjani, wakasaidiana na Kozue kumwinua mjomba.

Jioni Kozue aliweka mtandaoni video yote, pamoja na ile sauti ya mjomba akilia kiuno kimekamata. Wengi walimtukana. Alisoma kila neno, akaomba radhi.

Mjomba alikuwa amelala kifudifudi.

"Umenikasirikia, mjomba?"

"Kidogo. Nimejikasirikia zaidi mimi. Wageni walipoanza kuja nilishajua kuna uongo, nikanyamaza. Nilipenda kushangiliwa tena." Alivuta pumzi. "Sikiliza, Kozue. Sisi huinama sekunde tatu tu, lakini zinatoka moyoni. Ile dakika nzima haikuwa ya kwangu, na bado ilinibidi niibebe kila siku. Uongo wa kumsifu mtu nao ni uongo. Ukinipenda, waambie watu nilivyo."

"Nimeelewa, mjomba."

"Vizuri. Sasa nibandike hiyo plasta ya maumivu kiunoni. Chini kidogo... hapo. Na mikono yako ni ya baridi kama barafu. Hilo nalo ni la kweli."