Mwenye Nyumba Yuko Mezani

Siku waliyohamia, mke wa Cheche alisimama kizingitini na beseni la vyombo kichwani, akasema hodi. Nyumba ilikuwa tupu, lakini mdomo una mazoea yake. Kutoka ndani akajibiwa, "Karibuni." Akaingia akitabasamu, akidhani mumewe ametangulia kwa mlango wa uani, kumbe Cheche yuko nyuma yake, bado anapigana na kitanda getini.

"Ni wewe uliyeniitikia?"

"Nikuitikie na misumari yote hii mdomoni?"

Wakacheka, wakaendelea kuhamisha vitu.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea, na jina hilo alilipata kwa cheche za kazini na kwa hasira zake za karibu. Maisha yake yote alikuwa mpangaji, mtu wa kuambiwa usipigilie msumari ukutani, usimwage maji, wageni wako wanakaa mno. Sasa alikuwa amenunua. Mjane aliyewauzia aliwakabidhi funguo palepale walipotia saini mkataba, kwa haraka ya mtu anayetua chungu cha moto. Mjane huyo alikuwa akilala kwenye kibanda cha uani, nyumba kubwa ikiwa tupu, na hata siku ya kuwaonyesha vyumba alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe na kusubiri kidogo. Cheche alimcheka njia nzima ya kurudi. Kisha akatengeneza mlango mpya wa chuma, wenye komeo nene kwa ndani, akajisifu kwamba mwizi akiliona atarudi kwao akalale.

Harufu ilianza wiki hiyohiyo. Kila alasiri, jiko likiwa baridi na mke wa Cheche yuko uani anafua, jikoni kulinukia vitunguu vinavyokaangwa, kisha vijiko vikasikika vikigonga sahani. Akiingia hakuti mtu. Ila kiti kimoja pale mezani huwa kimesogezwa nyuma, na ukikigusa kina joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Binti yao walimwita Chiriku kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Sasa akawa anakaa kimya mbele ya sahani yake.

"Kula, mama," baba yake alimbembeleza.

"Nimeshakula."

"Umekula kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba."

Cheche akajipiga kifua. "Mwenye nyumba si mimi hapa?"

Mtoto akamtazama kwa huruma. "Wewe ni mgeni," alinong'ona. "Amesema nisikwambie kwa sauti, utaona haya."

Mtoto akaanza kwisha. Mashavu yakaingia ndani, gauni likamning'inia mabegani, na bado kila siku alikataa chakula akisema tumbo limejaa. Daktari alimpima akatikisa kichwa. Ndipo mke wa Cheche, bila kumwuliza mumewe, akamleta mganga, mzee wa miwani ambaye mchana alikuwa akiuza vioo vya madirisha. Mganga alizunguka vyumba vyote akinusa, akarudi mezani, asikae.

"Huyu hatoki kwa dawa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini wa makao. Anatoka kwa amri ya mwenye nyumba tu. Nani mwenye nyumba?"

"Mimi," Cheche alisema.

Jikoni mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha heshima, cha mtu anayemstahi mgeni aliyesema upuuzi. Mke wa Cheche akamshika mumewe mkono mpaka kucha zikaingia.

Kesho yake Cheche alikuwa mbele ya wakili wake, kofia mkononi. Wakili alikuwa kijana mpole, mwenye subira ya kueleza.

"Mkataba mmesaini, bei umemaliza, funguo unazo. Vyote hivyo vinakupa haki ya kumdai yule mama akuhamishie nyumba. Lakini kisheria nyumba inakuwa yako siku msajili wa ardhi atakapoandika jina lako. Si kabla."

"Kwa hiyo sasa hivi mle ndani mimi ni nani?"

Wakili akatabasamu. "Tuseme ni mgeni wake."

Cheche hakutabasamu. Aliomba, akasukuma, akashinda kwenye mabenchi ya ofisi ya ardhi, akirudi nyumbani kumkuta mwanawe mwepesi zaidi, harufu ya vitunguu nzito zaidi. Walitaka kumpeleka kwa bibi yake, lakini kila walipomvusha geti alizimia, na wakimrudisha ndani anafumbua macho na kuomba maji. Wakabaki wanangoja saini ya mtu wasiyemjua.

Hatimaye msajili aliandika. Wakili alimkabidhi Cheche hati akampa mkono. "Hongera. Kuanzia leo wewe ndiye mwenye nyumba, mbele ya sheria na mbele ya kila mtu." Cheche alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Mganga alimngoja nje. "Sikiliza, fundi. Yule mjane naye alikuwa na hati, ila hodi yake ndiyo iliyompokonya nyumba. Ingia kama mtu anayeingia kwake. Ukivuka kizingiti, mwamuru atoke. Usibishe hodi. Ukibisha, umemkubali, na hakuna karatasi itakayokusaidia."

Cheche alikimbia, hati kifuani chini ya shati. Jua lilikuwa bado kali, majirani wanaanika nguo, na mkewe alikuwa amepiga magoti nje ya mlango wa chuma, sauti imemkauka. Alikuwa ametoka kuteka maji tu, komeo likajifunga kwa ndani.

Cheche alitia ufunguo ukagoma, akaita jina la mwanawe, akautupia bega mlango wake mwenyewe, na pigo lilipotua mtoto akapiga ukelele ndani kama aliyepigwa yeye, Cheche akapiga tena kwa kutoamini masikio yake na ukelele ukaja tena, mwembamba zaidi, mkewe akamrukia mikono akisema basi, basi, utamuua, naye akasimama kifua kikipanda na kushuka, akalitazama komeo alilolichomelea kwa majigambo, akaisikia harufu ya vitunguu ikipita chini ya mlango, na vijiko, na pumzi ya mtoto inayokatika na kurudi, inayokatika na kuchelewa kurudi.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," alisema akiwa nje. "Toka kwangu."

Vijiko viliendelea kula.

Pumzi ya mtoto ikakatika tena. Akangoja irudi. Haikurudi.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona. "Sema tu."

Cheche akaweka paji la uso kwenye chuma. Hakuwahi kuhisi udogo kama ule, hata alipokuwa akiomba muda kwa wenye nyumba wa zamani.

"Hodi," alisema.

Komeo likateleza taratibu. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, mzima, mashavu yamejaa, midomo inang'aa mafuta. Aliwatazama wote wawili kwa adabu, jinsi alivyofundishwa kuwatazama watu asiowajua.

"Karibuni," alisema. "Baba yuko mezani anakula. Nimwambie ni akina nani?"