Aliyeniitikia Uwanjani

Jioni ile mama alinituma nimpelekee kaka yangu Farouk chakula dukani kwake Kansanga. Wali na samaki kwenye bakuli la mfuniko, na onyo juu yake: nisikae. Farouk anakodisha kompyuta za gemu ghorofani, juu ya fundi simu, na mama anajua kabisa kwamba mimi nikishaingia pale, kutoka ni kazi. Nikajiambia nitapigana pambano moja tu.

Ocen alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha dirishani. Amezaliwa kambi ya polisi, mama yake ni koplo, na tumecheza pamoja tangu tulipomaliza shule. Gemu yetu ni ya vita vya kale, vya mapanga na mavazi ya chuma. Mnaingia uwanja mmoja watu wa kila pembe ya dunia, jeshi kwa jeshi, mnakatana mpaka upande mmoja ushindwe au saa ya pambano iishe. Kila mpiganaji jina lake linaelea juu ya kofia yake. Ukiwa karibu na mtu, hata adui, unamsikia anachosema kwenye hedifoni.

Hasira nilikuwa nazo tayari. Seva ya gemu iko Ulaya, na mtandao wa Kansanga unaijua Ulaya kwa kuisikia tu. Nilipiga, upanga ukafika baadaye. Nilikinga, kumbe nimeshakufa. Nikafufuka, nikakimbia hadi mbele, mtu akanikata kichwa hata sijamwona. Nikaigonga meza. Farouk akanikumbusha kwamba meza ni yake.

Adhana ya magharibi ikalia. Farouk akashuka kwenda kuswali, akatuachia duka. Ningeondoka hapo. Lakini nani anakubali kwenda nyumbani na aibu ile?

Ndipo nikaitwa.

"Mwana Hindu..."

Sauti ya mwanamke, ndani ya hedifoni, ya upole. Kwenye gemu situmii jina langu, Hindu. Na hakuna aliyeniita Mwana Hindu tangu tumzike bibi yangu Umulkheir.

Mbele yangu, katikati ya vita, alisimama askari mmoja. Hapigani. Watu walimpita pande zote wakichinjana na hakuna aliyemgusa. Kofia ya chuma ilimfunika uso wote. Juu ya kofia hapakuwa na jina.

"Mwana Hindu... uko wapi?"

Harufu ikaja. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi... na sisi tuko ghorofani.

Kwetu, familia za Mengo zenye asili ya pwani, mtoto anafundishwa mapema: ukiitwa magharibi na usiyemwona, nyamaza mpaka akuonyeshe uso. Nikanyamaza. Nikaibana midomo kwa vidole.

Lakini Ocen naye aliisikia ile sauti, na yeye amekulia kambini. Kule majina husomwa kwa sauti, na mwenzako akiitwa naye yuko kimya, unamwitikia asije akaadhibiwa. Kwao huo ni wema. Alinigeukia, akaniona nimeganda, akadhani hedifoni yangu imeharibika tena.

"Hindu iko," akasema kwenye kipaza sauti. "Iko hapa na mimi."

Askari yule akageuza kofia taratibu. Akamtazama mpiganaji wa Ocen.

"Haya," ile sauti ikasema. "Njoo basi wewe."

Kompyuta zetu mbili zikazimika. Umeme haukukatika, taa ilikuwa inawaka. Nikamgeukia Ocen nimtukane. Alikuwa amekaa wima, macho wazi, mikono juu ya kibodi. Nikamwita. Nikamtikisa. Anapumua. Lakini Ocen hakuwemo.

Hospitali walimpima kila kitu wakasema ni mzima. Kanisani kwao walimwombea akiwa amesimama, maana ukimsimamisha alisimama, na ukimlisha alimeza. Ila jina lake hakuligeukia. Sheikh Abdul-Latif, aliyenisomesha utotoni, alimsomea mpaka jasho likamlowesha kanzu, kisha akanivuta pembeni akaniuliza ni nani hasa aliyeitwa. Nikamwambia ni mimi. Akasema aliyeitika ndiye aliyekwenda, na aliyekwenda kwa kuitwa hurudi kwa kuitwa. Na wa kumwita ni mama yake mzazi. Nikamuuliza nani yule aliyeita. Akasema hajui, na kwamba hata mimi nisitafute kujua.

Nikamkasirikia mzee wa watu bure. Siku zile nilimkasirikia kila mtu. Daktari, Farouk, mtandao, na zaidi ya wote Ocen, kwa wema wake wa kijinga. Nilimtaka arudi. Basi. Arudi nimgombeze nilale.

Mahali pa kumwitia nilipajua.

Mama yake, Santina, alikuja dukani jioni akitoka kazini, na sare yake na buti zake. Tukamkalisha Ocen kwenye kiti nyuma yetu. Mimi nikavaa hedifoni, yeye nikamvisha nyingine. Hakuwahi kucheza gemu maishani mwake. Adhana ilipokwisha nikaingia uwanjani kwa jina la Ocen, nikamwambia aite.

Aliita kwa Kiacholi kwanza. Halafu kwa Kiswahili cha kambini, kwa sauti ya gwaride.

"Ocen. Mama naita wewe. Itika."

Yakasikika mapanga tu yakigongana. Mchezaji mmoja akatucheka kwa lugha yake. Picha ikakwama, mtandao huo huo, nikauma meno nusura nilie. Ikarudi. Akaita tena.

Na kwa mbali, nyuma ya moshi...

"Mama."

Santina akashika ukingo wa meza.

"Mama, niko hapa."

Sauti mbili.

Zote mbili za Ocen.

Askari wawili walitoka kwenye moshi bega kwa bega, kofia zimewafunika nyuso, hawana majina. Harufu ya udongo ikajaa chumba. Santina si mtu wa kubabaika. Akawauliza siku baba yake Ocen alipozikwa walikula nini nyumbani. Wakajibu kwa pamoja, kwa pumzi moja, kwamba hawakula, mvua ilizima moto. Nikaona uso wake ukibadilika. Ilikuwa kweli.

Saa ya pambano ilikuwa inakwisha pembeni mwa skrini. Ikifika mwisho, wote tunatolewa nje.

"Hindu," akanong'ona, "wewe nacheza na yeye kila siku. Gani ni yangu?"

Nikatazama mikono. Ocen hushika ngao chini mno, shingo wazi, na nimemgombeza kwa hilo mpaka nimechoka. Wa kushoto aliishika chini. Wa kulia aliishika juu, vizuri, kama mtu aliyefundishwa.

"Wa kushoto, mama."

Santina akavuta pumzi. "Wewe wa kushoto, njoo. Njoo nyumbani."

Wa kushoto akaja. Akakaribia mpaka chuma chake kikajaza skrini yote. Nyuma yetu kiti kikalia. Mtu akasema "Mama," kwa mdomo, mle mle chumbani, na Santina akavua hedifoni akaitupa, akamrukia mwanawe akilia.

Mimi yangu nilikuwa bado nimeivaa.

Wa kulia alikuwa amebaki peke yake uwanjani. Akaiteremsha ngao pole pole.

"Hindu," akasema, amechoka. "Si wewe ulisema niweke ngao juu?"

Skrini ikawa nyeusi. Pambano limekwisha.

Ocen alikula usiku ule, akaomba aongezwe. Sasa anafanya kazi Nakivubo, kwenye duka la viatu, na wateja wanampenda. Anamsaidia mama yake kuchota maji. Santina amenenepa, anacheka. Ila nikipita getini kambini hunishika mkono, akasubiri watu wapite, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hindu, ni yeye?" Namwambia ni yeye, mama. Ningemwambia nini kingine? Naye huniachia mkono, akashukuru.

Halafu magharibi napanda kwa Farouk, naingia uwanjani, naita. Napigwa, nakufa, nafufuka, naita tena mpaka koo linakauka. Mimi si mama yake. Haitiki mtu, na mtandao unakwama, na nimechoka kwa hasira hata sijui namkasirikia nani.

Jana Ocen alinifuata huko. Sikumsikia akipanda ngazi. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akanitazama nikiita, akasubiri nimalize. Kisha akaniuliza, kwa upole sana, namtafuta nani.